Vita visivyotajwa jina: Warusi, televisheni yao na ukimya wao

(Hotuba niliyoitoa mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa uandishi wa habari. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Wazee wangu, walimu wenzangu, wazazi wenye watoto wanaosoma ng'ambo, na ninyi vijana mnaojifunza kazi ya habari, assalaam aleikum, na habari za jioni.

Nimeombwa nieleze ninavyoiona jamii ya Urusi katika wakati huu wa vita, mimi niliye mtu wa nje. Nimekubali kwa moyo mzito, kwa sababu nchi ile ilinilea. Nilifika huko mwaka 1987 nikiwa kijana wa miaka 20, nikajifunza Kirusi mwaka mzima katika mji wa Voronezh, kisha nikasoma Leningrad mpaka jina la mji lenyewe likabadilishwa na kuwa Saint Petersburg. Nilikula mezani kwao, niliuguzwa na mama zao, nilipewa koti la baridi na watu ambao wao wenyewe hawakuwa na koti la pili. Kwa hiyo ninapowataja Warusi msinisikilize kama mtu anayemsengenya jirani. Nisikilizeni kama mtoto wa kulea anayemzungumzia mlezi aliyetenda jambo zito, na ambaye hajaacha kujiuliza ilikuwaje.

Tangu Februari 2022 kuna swali moja ninaloulizwa kila ninapokaa barazani: je, Warusi wanaiamini kweli televisheni yao? Mwanzoni nilikuwa na majibu ya haraka. Siku nyingine nilisema wanaiamini, siku nyingine nikasema wanaogopa. Leo, baada ya kuifuatilia televisheni ile karibu kila jioni na baada ya kuzungumza kwa simu na watu niliosoma nao, naona kwamba kuamini ni jambo la pili. Kazi kubwa ya propaganda ya vita nchini Urusi imekuwa kumfanya kila mtu ajione yuko peke yake. Anayejiona peke yake hufunga mdomo. Na akishafunga mdomo, dola huuhesabu ukimya wake kuwa ni ridhaa. Hilo ndilo nililokuja kuwaeleza.

Tuanze na jina. Alfajiri ya tarehe 24 Februari 2022 Rais Vladimir Putin alitokea kwenye televisheni, na hakutangaza vita. Alitangaza “operesheni maalumu ya kijeshi”. Siku mbili baadaye mamlaka inayosimamia mawasiliano, Roskomnadzor, iliviagiza vyombo vya habari viache kutumia maneno “shambulio”, “uvamizi” na “kutangaza vita”. Tarehe 4 Machi, katika siku moja, Bunge lilipitisha na Rais akatia saini sheria inayoweza kumfunga hadi miaka 15 mtu anayesambaza kile ambacho dola inakiita habari za uongo kuhusu jeshi. Tafakarini, ndugu zangu: vifaru vimevuka mpaka, miji mikubwa inapigwa makombora, mamilioni ya watu wanakimbia na watoto mgongoni, na mtangazaji anatakiwa alisimulie jambo hilo bila kulitaja.

Katika wilaya ya Krasnoselsky, mjini Moscow, kulikuwa na diwani aitwaye Alexei Gorinov. Tarehe 15 Machi 2022 baraza la madiwani lilikutana kujadili shughuli za kawaida za mtaa, na mojawapo ilikuwa mashindano ya watoto ya kuchora. Gorinov alisimama akauliza watawezaje kuzungumzia mashindano ya michoro wakati watoto wanakufa huko Ukraine, kisha akaviita vita kwa jina lake. Kikao chote kilirekodiwa, kama vinavyorekodiwa vikao vya madiwani. Mwezi Julai alihukumiwa miaka 7, akawa mtu wa kwanza kupewa kifungo cha jela chini ya sheria ile mpya. Mahakamani, akiwa ndani ya kizimba cha kioo, aliinua karatasi aliyoiandika kwa mkono: “Bado mnavihitaji vita hivi?”

Diwani! Si jenerali, si balozi, si kiongozi wa chama kikubwa. Ni mtu wa kushughulikia taa za barabarani na viwanja vya watoto, mtu ambaye kila mmoja wetu anaye katika kata yake. Na mwezi Desemba mwaka ule ule Putin mwenyewe, akizungumza na waandishi wa habari, alisema kwamba lengo lake ni kuvimaliza vita hivi. Alitamka neno lile lile. Hakuna aliyemgonga mlangoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sheria ile haikulipiga marufuku neno. Ilipanga nani anaruhusiwa kulitamka.

Maneno mengine yalifuata njia hiyo hiyo. Ghala likilipuka, taarifa husema “khlopok”, yaani mlio mdogo, kama mtu amepiga kofi. Jeshi lilipoondoka Kisiwa cha Nyoka katika Bahari Nyeusi mwishoni mwa Juni 2022, tuliambiwa kwamba hiyo ni “ishara ya nia njema”. Lilipokimbizwa katika mkoa wa Kharkiv mwezi Septemba, lilikuwa “limejipanga upya”. Wananchi nao wakajifunza kusema bila kusema. Katika mji wa Nizhny Novgorod mwanamke mmoja alisimama hadharani ameshika karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu chochote. Polisi wakamchukua. Nawauliza, vijana mnaosomea habari: karatasi ile ilikuwa imeandikwa nini hata askari wakaweza kuisoma?

Nisogee kwenye jambo la pili, ambalo ndilo linaloniuma zaidi, nalo ni kumbukumbu.

Bweni letu la Leningrad lilikuwa na mama mtunza mlango, bibi mfupi mwenye skafu ya sufi, ambaye alikuwa mtoto wakati mji ule ulipozingirwa na majeshi ya Ujerumani ya Hitler. Mzingiro ulidumu siku 872. Katika majira ya baridi ya kwanza, kuanzia Novemba 1941, mgawo wa mkate kwa watoto na wasio na kazi ulishuka hadi gramu 125 kwa siku, na mkate wenyewe ulikuwa umechanganywa na vitu visivyo unga. Bibi yule hakumruhusu mtu atupe mkate mbele yake. Aliokota makombo mezani kwa ncha ya kidole, moja baada ya jingine, akayala. Sisi vijana wa Kiafrika hatukuelewa mwanzoni. Baadaye tukaona haya. Tarehe 9 Mei, Siku ya Ushindi, alikuwa akilia kwanza, kisha anatumiminia chai, kisha anasema maneno ambayo kizazi chake chote kilikuwa nayo mdomoni: “Lish by ne bylo voiny.” Mradi vita visiwepo. Bei ikipanda, mradi vita visiwepo. Foleni ya soseji ikilizunguka jengo, mradi vita visiwepo. Umoja wa Kisovieti ulipoteza watu wapatao milioni 27 katika vita vile, na katika nyumba nilizoingia sikuwahi kukuta hata moja isiyokuwa na picha ya mtu aliyeondoka asirudi.

Miaka ikapita. Katika miaka ya 2010, kwenye vioo vya nyuma vya magari, vilianza kuonekana vibandiko vyenye maneno mengine: “Mozhem povtorit.” Tunaweza kurudia. Niliposoma maneno hayo mara ya kwanza nilimkumbuka bibi yule. Kurudia nini? Kurudia gramu 125? Kurudia milioni 27? Kutoka “mradi vita visiwepo” hadi “tunaweza kurudia” ni safari ndefu sana, na watu hawakuitembea kwa miguu yao wenyewe. Walibebwa. Walibebwa na gwaride lililokuwa likikuzwa mwaka hadi mwaka, na utepe wa rangi ya chungwa na nyeusi, alama ya ushindi ule, uliofungwa kwenye mikoba na kwenye vitasa vya magari, na vipindi vya televisheni vilivyowaambia kwamba ushindi wa babu zao ni hati ya kuwa na haki milele.

Ziko hata huzuni za watu zilizochukuliwa zikatumika. Mwaka 2012, katika mji wa Tomsk huko Siberia, waandishi wa habari wachache walibuni jambo zuri: kila mtu atembee tarehe 9 Mei akiwa ameshika picha ya ndugu yake aliyepigana, bila nembo ya chama, bila bango la serikali. Waliliita Kikosi Kisichokufa. Lilikuwa jambo la nyumbani, la kifamilia, na watu walilipenda kwa sababu lilikuwa lao. Mwaka 2015 Rais alikuwa mstari wa mbele mjini Moscow akiwa na picha ya baba yake, na shughuli nzima ikawa imeingia mikononi mwa dola. Mwaka 2022, kati ya picha za wazee wa mwaka 1945, zilionekana picha za vijana waliouawa Ukraine, kana kwamba ni vita vile vile, kana kwamba anayetetea nyumba yake Leningrad na anayevunja nyumba ya mwenzake Mariupol ni askari wa kikosi kimoja.

Mnafahamu kwamba moja ya sababu zilizotangazwa za kuivamia Ukraine ilikuwa “kuwaondoa Wanazi”. Tarehe 18 Machi 2022 kombora liliipiga nyumba ya ghorofa mjini Kharkiv na kumuua mzee wa miaka 96. Mzee huyo alikuwa amepitia kambi nne za mateso za Wanazi, ikiwemo Buchenwald, akatoka hai zote nne. Sina la kuongeza juu ya habari hiyo.

Na watoto je? Tangu Septemba 2022 shule za Urusi huanza wiki kwa kupandisha bendera, na kwa somo la Jumatatu liitwalo “Mazungumzo juu ya Mambo Muhimu”, ambamo mwalimu hufundisha uzalendo kwa mwongozo uliotoka juu. Miezi michache kabla ya hapo, katika mji mdogo wa Yefremov mkoani Tula, binti mmoja wa shule aliambiwa na mwalimu, pamoja na wenzake, achore picha ya kuwaunga mkono askari. Yeye akamchora mwanamke ameshika mkono wa mtoto, na makombora yanawajia, na akaandika kwamba anapinga vita. Shule ikaita polisi. Wakaanza kuchunguza kurasa za baba yake mtandaoni, kwa kuwa baba huyo alikuwa akimlea binti peke yake. Machi 2023 baba alihukumiwa miaka miwili kwa yale aliyoyaandika, na mtoto akawa tayari amepelekwa katika kituo cha kulelea watoto. Walimu wenzangu mlio hapa, mnaona mzigo aliobebeshwa mwalimu katika kisa hiki? Amegeuzwa mlango ambao dola inaingilia nyumbani kwa mwanafunzi.

Sasa niwarudishe kwenye swali la kuamini, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Sisi tuliozoea propaganda ya zamani tunadhani kwamba mwongo ana uongo mmoja na anaukazania. Propaganda ya Urusi ya leo ina uongo mwingi, na haijali kama unapingana.

Tarehe 17 Julai 2014 ndege ya abiria ya Malaysia ilidunguliwa mashariki ya Ukraine, wakafa watu wote 298 waliokuwemo. Wachunguzi wa kimataifa walionyesha kwamba ilipigwa kwa kombora la Buk lililoletwa kutoka Urusi, na mwaka 2022 mahakama ya Uholanzi iliwatia hatiani watu watatu bila wao kuwepo. Lakini mtazamaji wa Kirusi alipewa nini katika miaka ile? Aliambiwa ndege ya kivita ya Ukraine ndiyo iliyoidungua. Novemba 2014 Idhaa ya Kwanza ya televisheni yao ikaonyesha hata picha ya setilaiti, ambayo ilibainika haraka kuwa ya kughushi. Aliambiwa pia kwamba lilikuwa ni kombora la Buk, lakini la Ukraine. Alisikia hata madai kwamba maiti zilizoanguka zilikuwa zimeshakufa kabla. Mambo haya hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja. Hayakukusudiwa kuaminiwa yote. Yalikusudiwa kumchosha mtu hata aseme: mimi ni nani hata niujue ukweli?

Kirusi kina sentensi kamili kwa ajili ya uchovu huo. “Ne vsyo tak odnoznachno”: mambo si rahisi kiasi hicho. Nyingine husema, “Ukweli wote hatutaujua kamwe.” Mwezi Aprili 2022, miili ya raia ilipokutwa barabarani katika mji wa Bucha baada ya jeshi la Urusi kuondoka, nilimpigia simu mwanamke niliyesoma naye darasa moja. Ni mtu msomi, mpole, aliyeniandikia barua kwa miaka mingi. Televisheni yao ilikuwa inasema kwamba Bucha ni igizo. Nilimwuliza anaonaje. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani simu imekatika, kisha akasema, “Mambo si rahisi kiasi hicho,” akaniuliza habari za wajukuu. Hakuniambia kwamba anaamini ni igizo. Hakuniambia kwamba haamini. Nimeufikiria ukimya ule mara nyingi kuliko nilivyoyafikiria maneno ya mtangazaji yeyote.

Kuna kisa kilichojulikana sana wakati ule. Kijana mmoja mwenye migahawa mjini Kyiv alishangaa kwamba siku kadhaa zimepita tangu mabomu yaanze kuanguka na baba yake, aliyekuwa akiishi Nizhny Novgorod, hajapiga simu kuuliza hali. Akapiga yeye. Akamweleza baba yake kwamba anajaribu kuwatoa watoto wake mjini. Baba akaanza kumweleza yeye, mwanawe wa kumzaa aliye chini ya mabomu, kile kinachoendelea huko: kwamba askari wa Urusi wanasaidia watu, kwamba wanagawa nguo na chakula. Kijana yule akafungua ukurasa wa kuwasaidia watu wenye ndugu Urusi kuzungumza nao, akauita “Baba, amini”. Wazazi mlio hapa, mwanao akikupigia simu analia kwamba nyumba inatikisika, ni sauti gani duniani inayoweza kukufanya umwambie kwamba anakosea? Mimi sikuwa nikijua kwamba sauti ya namna hiyo ipo.

Nilisema propaganda hii humtenga mtu. Ili imtenge, haina budi kwanza kuziondoa sauti zinazomwambia kwamba wako wengine kama yeye. Tarehe 19 Agosti 1991, siku ya jaribio la mapinduzi dhidi ya Gorbachev, tulikuwa bwenini tukisubiri habari, na televisheni ikawa inaonyesha ngoma ya baleti, Ziwa la Mabata Maji, tena na tena, bila kutueleza chochote. Tangu hapo kwa Mrusi yeyote wa umri wangu baleti hiyo kwenye kioo ina maana moja. Tarehe 3 Machi 2022 kituo huru cha televisheni cha Dozhd kililazimika kusimamisha matangazo. Wafanyakazi waliondoka studio wakiwa pamoja, na picha ya mwisho waliyotuachia ilikuwa baleti ile ile. Wiki hiyo hiyo redio ya Ekho Moskvy, iliyokuwa hewani tangu mwaka 1990, ilifungwa. Kabla mwezi haujaisha gazeti la Novaya Gazeta, ambalo mhariri wake Dmitry Muratov alikuwa amepata Tuzo ya Nobel ya Amani miezi michache tu iliyotangulia, nalo likaacha kuchapishwa. Facebook ikazimwa, Instagram ikazimwa.

Baada ya hapo jirani akafanya kazi iliyobaki. Mjini Saint Petersburg msanii Sasha Skochilenko aliingia dukani, akabadilisha vibandiko vichache vya bei na kuweka vikaratasi vidogo vyenye habari za vita. Aliyemshtaki alikuwa mteja mzee. Warusi wana neno la kale la tendo hilo, “donos”, na tangu enzi za Stalin neno hilo linanuka damu. Skochilenko alipewa miaka 7, akatolewa Agosti 2024 katika kubadilishana wafungwa.

Sasa mtaniambia: mbona kura za maoni zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya Warusi wanaunga mkono jeshi lao? Ni kweli, kituo cha Levada kimekuwa kikitoa takwimu za kiwango hicho. Nami nawauliza: mtu usiyemjua akubishie hodi, akuulize kama unaiunga mkono serikali katika jambo ambalo jibu lake lisilofaa limewapeleka watu jela, utajibu nini? Na utamfungulia mlango? Sisemi takwimu hizo ni za uongo. Nasema zinapima mambo mawili yaliyofungwa fundo moja, imani na woga, na hakuna awezaye kulifungua fundo hilo kutoka nje. Mwaka 2022 karibu watu 20,000 walikamatwa kwa kuandamana kupinga vita. Baada ya tarehe 21 Septemba, Putin alipoagiza watu 300,000 waitwe jeshini, mamia ya maelfu waliondoka nchini. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi kwenye mpaka wa Georgia. Na Juni 2023, Yevgeny Prigozhin, mkuu wa kundi la wapiganaji wa kukodiwa la Wagner, alipouasi uongozi wa jeshi na kuuteka mji wa Rostov, akisema waziwazi kwamba sababu za vita walizopewa wananchi hazikuwa za kweli, hawakuonekana raia waliomiminika barabarani kuitetea dola ambayo asilimia 70 wanaiunga mkono. Wakazi wa Rostov walitoka kupiga picha, na wengine kuwapa wapiganaji maji na maandazi.

Lakini sitaki kuwatakasa. Kama nisingesema hili ningekuwa nimewadanganya. Wako wanaoamini kwa moyo wote. Wako wanaofurahi. Na wako wengi waliokwenda kwa fedha: Julai 2024 jiji la Moscow lilikuwa likitoa ruble milioni 1.9 kwa mtu anayetia saini mkataba wa kujiunga na jeshi, na kwa kijana wa Buryatia au Tuva, mikoa maskini ya mbali, fedha za namna hiyo hazikuwahi kupita mbele ya macho ya ukoo wake. Anayefunga mdomo naye ana sehemu yake. Ukimya wa mwanafunzi mwenzangu naufahamu. Wakraine waliozika watoto wao hawawajibiki kuufahamu.

Nimalizie kwa yanayotuhusu sisi. Redio Moscow ilikuwa na matangazo ya Kiswahili, na wazee wetu waliyasikiliza. Silaha zilizowasaidia wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika zilitoka huko. Deni hilo ni la kweli na sitamruhusu mtu alidharau. Lakini lilikuwa deni kwa nani? Makada wa ANC walipata mafunzo Odessa, Ukraine. Kituo kikubwa cha kuwafundisha wapiganaji wa Afrika kilikuwa Perevalnoye, Crimea, nako ni Ukraine. Madaktari na wahandisi wetu wangapi walisomea Kyiv na Kharkiv? Urusi imejitwalia peke yake shukrani tuliyopaswa kuwapa watu wote wa Umoja wa Kisovieti, na Wakraine wamo, kisha imeitumia shukrani hiyo kututaka tunyamaze wao wanapopigwa. Tarehe 21 Februari 2022 Balozi wa Kenya, Martin Kimani, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba sisi Waafrika pia tulirithi mipaka tusiyoichora, na hatukuchagua kuirekebisha kwa damu. Siku tisa baadaye, katika kura ya Baraza Kuu, Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliulaani uvamizi. Tanzania, Uganda na Burundi hazikupiga kura ya upande wowote. Serikali zina hesabu zao. Mimi nazungumza na wazazi.

Mzazi, mtoto wako akipata nafasi ya kwenda huko, uliza maswali. Kijana wa Kitanzania aliyekwenda Moscow kusoma shahada ya pili alifungwa gerezani, akaambiwa atasamehewa akijiunga na kundi la Wagner, na Oktoba 2022 akauawa vitani katika vita visivyo vyake. Katika eneo la Alabuga, Tatarstan, mabinti wa Kiafrika, Wakenya na Waganda wakiwemo, waliitwa kwa ahadi ya kazi na masomo, wakajikuta wakiunda ndege zisizo na rubani za kijeshi. Aprili 2024 hosteli ya hapo ilipopigwa, binti aliyesema ni Mkenya aliwekwa mbele ya kamera kuwalaani walioishambulia. Ndugu zangu, mtoto wetu amekuwa picha katika televisheni ninayowasimulia tangu nilipoanza.

Kitu cha mwisho, kisha nitakaa. Tarehe 14 Januari 2023 kombora la Urusi lilianguka juu ya nyumba ya ghorofa mjini Dnipro, likaua zaidi ya watu 40. Mjini Moscow kuna sanamu ya mshairi wa Kiukraine, Lesya Ukrainka. Mtu mmoja, sijui nani, akaenda kuweka maua chini ya sanamu ile, pamoja na picha ya jengo lililobomoka. Mwingine akaja akaongeza yake. Maua yaliondolewa. Wakaja wengine, wakaweka tena. Polisi wakaegesha gari pembeni na wakawa wanawakamata waliosimama pale. Watu wakaendelea kuja mmoja mmoja kwenye theluji, bila bango, bila kusema neno, wakijua gari lile liko pale kwa ajili yao. Wanainama, wanaweka ua, wanasimama kidogo, wanatazama maua ya wengine yalivyo mengi.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.